Wa Mwaka Wako

Mzee Shekue alikuwa amepooza mikono, lakini ulimi ulikuwa mzima. Kila asubuhi, kabla ya bintiye kumlisha uji, alimtajia watu mashuhuri wa dunia waliozaliwa mwaka aliozaliwa binti huyo.

"Yule rubani. Yule malkia. Yule kapata nishani ya mbio. Na wewe, Mwanaheri, umeshika nini? Kijiko."

Miaka sita Mwanaheri alimpangusa kidevu, akaendelea kumlisha. Leo alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi.

"Nami nimekutafutia wa mwaka wako, baba. Waziri, marehemu. Mwimbaji, marehemu. Yule bondia, juzi tu."

Akasoma taratibu mpaka chini, palipoandikwa jina la mzee, na mbele yake pameachwa wazi.

Uji ulianza kufanya utando. Mzee akaachama akingoja kijiko, naye Mwanaheri bado anatafuta kalamu.