Kilio Ndani ya Kuta Nne

"Liinue tena," Serlo alisema.

Gunnora, mkunga wa ngome, aliinua kapu lake la matete. Serlo alikuwa amelijazia mawe kiasi cha uzito wa mtoto mchanga.

"Siku ile lilikuwa hivi?"

"Hivyohivyo, bwana."

"Wakati wa kuingia au wa kutoka?"

"Kuingia na kutoka. Halikupungua."

Watu waliojaa ukumbini walinong'ona. Serlo alimgeukia jaji wa mfalme na kutabasamu. Alikuwa ameichimba habari hii kwa majuma matatu, tangu Rohesia, binti wa marehemu kaka yake, alipofia kitandani akijifungua.

Kaka huyo, Baroni Hamo, alimwachia Rohesia kila kitu: vijiji vitatu, kinu, na msitu wa mialoni hadi mtoni. Sasa mumewe, Warin, askari wa farasi asiye na shamba lake mwenyewe, alitaka kubaki na mali hiyo hadi afe. Sheria ilimruhusu kwa sharti moja tu: mtoto wao awe amezaliwa hai, na kilio chake kisikike ndani ya kuta nne za chumba cha mama. Kama hakulia, ardhi yote ingemrudia Serlo siku hiyohiyo.

Na mashahidi waliosimama nje ya mlango waliapa kwamba alilia.

"Ulikisikia wewe mwenyewe, Osbern?" Serlo alimuuliza msaga nafaka.

"Bwana, mimi nimeishi na kelele za kinu miaka thelathini. Kilio kile kilikishinda kinu." Watu wakacheka. "Kilikuwa kinakatika katikati, kama mbuzi aliyenasa kwenye ua. Me-e, kimya. Me-e, kimya. Hata padri alijizuia asicheke."

Padri alikubali kwa kichwa.

Serlo hakucheka. Tangu mwanzo hakuamini. Mtoto alie kwa nguvu hivyo, kisha kabla ya jua kuzama awe amezikwa kanisani kando ya mama yake, uso umefunikwa? Na baba yake asidondoshe chozi? Siku ya mazishi Warin alisimama kama nguzo. Aliyelia hadi kushikiliwa ni Aldith, mke wa mchunga nguruwe, ambaye naye alijifungua siku hiyohiyo kibandani kwake chini ya kilima. Alikuwa na uchungu gani na mtoto wa watu?

Serlo alimtuma mtu akichunguze kibanda hicho. Akaambiwa kwamba kila juma Aldith anapelekewa nyama na maziwa kutoka jikoni kwa Warin. Hapo akajua. Maziwa ya bwana hayaendi kwa mchunga nguruwe bure.

"Mkwe," alimwambia Warin, "una ukarimu wa ghafla."

"Mama anayenyonyesha lazima ale, baba," Warin alijibu bila kumtazama.

Tangu zamani Warin hakupenda kumtazama. Watoto wawili wa kwanza wa Rohesia walipelekwa kulelewa nyumbani kwa Serlo, kama ilivyo desturi ya wakubwa, na wote wawili wakarudishwa kwenye jeneza. Ilikuwa homa. Serlo alishasema mara nyingi kwamba ilikuwa homa. Na kwa wema wake, Rohesia alipobeba mimba ya tatu, alituma ujumbe mapema kwamba huyu naye atamlea.

"Mheshimiwa jaji," alisema, "mke wa mchunga nguruwe yuko nje na mtoto wake. Naomba aingizwe chumba cha pembeni na mlango ufungwe. Mashahidi wasikilize, kama siku ile."

Warin aliinuka nusu, kisha Gunnora akamgusa bega, akaketi.

Aldith alipita amemkumbatia mtoto. Serlo akamfuata, akafunga mlango, akamvua mtoto blanketi na kumfinya wayo.

Me-e. Kimya. Me-e. Kimya.

Alipotoka, Osbern alikuwa ameshika kichwa. "Ndicho! Haki ya Mungu ndicho! Kilio hikihiki!"

"Ndicho," padri alisema, amepauka.

Serlo hakusubiri kuulizwa. Aliweka mkono juu ya kitabu cha Injili. "Naapa mbele ya Mungu na mfalme: kilio kilichosikika chumbani kwa Rohesia kilitoka kinywani mwa mtoto huyu, na si mwingine."

"Iandikwe," jaji alisema.

"Iandikwe vizuri, mwanangu," Gunnora alimwambia karani. "Na jina la bwana Serlo chini yake, muhuri juu."

Karani aliandika. Serlo aligandamiza pete yake kwenye nta. Alishaanza kuwaza ni mialoni ipi atakayoikata kwanza.

Jaji alimkazia macho Gunnora. "Kwa hiyo unakiri, bibi? Uliingia chumbani na mtoto kapuni?"

"Nakiri, bwana."

"Mtoto wa Aldith?"

"Wa Aldith, alfajiri ile alizaliwa amekufa, maskini. Ndiye tuliyemzika kanisani."

Mlango wa pembeni ulifunguka. Aldith alitoka na mtoto anayelia, akapita mbele ya Serlo bila kusimama, akamweka mikononi mwa Warin.