Kosa la Mama Léa

Léa alirudi kutoka ziwani peke yake, nguo yake kavu kabisa, amebeba shati la mdogo wake Kizito limekunjwa vizuri. Alimpita mama yake bila kusimama, akaenda kumkabidhi Agnès, mke mdogo wa baba yake.

"Mama mudogo, Kizito iko mu maji," alisema. "Hatatoka tena."

Wavuvi wa Kalundu walimtoa mtoto jua likiwa bado kali. Alikuwa na miaka minne. Mmoja wao, Rémy, alikuwa akishona wavu karibu na mawe, na alichokiona alikieleza: msichana alimvua mdogo wake shati, akamsukuma penye kina, akasimama kumtazama mpaka maji yalipotulia. Rémy alikimbia kumwokoa, hakuwahi.

Sasa tuseme ukweli, maana mtaa mzima uliusema: Geneviève, mama yake Léa, alikuwa na wivu. Tena si wivu wa kununa siku mbili ukaisha. Tangu Protais, mbeba mizigo wa bandarini, alipomleta Agnès katika uwanja wa nyumba yake, chakula hakikumshuka Geneviève. Agnès aliimba akitwanga, roho ikamuuma. Agnès akamzaa Kizito, mtoto wa kiume, roho ikamuuma zaidi. Hata Léa alishinda kwa yule mwanamke, akisukwa nywele, akipewa ndagala, wale dagaa wa ziwani, za kukaanga, na kila jioni Geneviève alilazimika kwenda kumvuta mkono arudi kwao.

"Ananiibia na mutoto," alilalamika kwa majirani. Na siku moja, Léa akiwa anasikia, alitamka kwamba lile toto la kiume lingekufa, yeye angepata usingizi.

Neno hilo sasa lilimrudia.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne. Waasi walikuwa wameshika mji, jaji amekimbilia Burundi, polisi wamevua sare na kujichanganya na watu. Wazee wa mtaa wakakutana katika hangari tupu la pamba, na kila aliyeingia alikuja na hukumu yake. Wengi walitaka Léa apelekwe kwa komanda wa waasi, na wote walijua komanda hana jela. Ana bunduki tu.

"Kama anaua akiwa hivi, akikomaa itakuwa namna gani?" aliuliza mmoja.

"Mutoto huyu hata meno ya mbele haijamaliza kuota," alijibu mzee Onesphore, aliyeongoza kikao. "Mukono ni wa mutoto, lakini akili ya kuua inatoka kwa mukubwa. Minye nauliza: nani alimutuma?"

Macho yote yakamgeukia Geneviève.

Hakuwa amemtuma mtu. Lakini alimtazama binti yake pale chini, miguu myembamba imejaa vumbi, akaifikiria ile bunduki. Akasimama.

"Ni minye. Minye nilimutuma. Yeye alinitii tu."

Kelele zikajaa hangari. Protais alifunika uso kwa mikono. Geneviève alisimama imara na, ajabu, alijisikia mwepesi. Aliona anasema jambo lililo karibu na kweli: wivu ulikuwa wake, mtoto aliuokota nyumbani tu, kama alivyookota lugha.

Onesphore hakutaka damu nyingine. Akahukumu kama alivyosimuliwa na babu yake: nyumba iliyoondoa mtoto italipa mtoto. Léa ataenda kwa Agnès, awe wake moja kwa moja. Geneviève atarudi kwa kaka zake, kijijini Mutarule, kabla jua halijatua, asikanyage tena Kalundu.

"Mama Kizito, unakubali?"

"Nakubali," Agnès alisema. Alipolisema hilo alimtazama Geneviève, si mtoto.

Hapo wivu wote wa miaka ile ukampanda Geneviève kwa pamoja. Mume alikuwa amehamia upande ule wa uwanja, na sasa Léa naye anahamia. Angeweza kukana. Angeweza kusema nimedanganya, mpelekeni kwa komanda, tukose sote! Akauma midomo mpaka ikauma kweli, akaenda kufunga mzigo wake. Mtoto atakuwa hai, na uhai huo ni yeye aliyeulipia. Hilo Agnès hawezi kumnyang'anya.

Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni kwa mke mwenzake. Agnès alikuwa ameketi juu ya mkeka, macho yamevimba. Léa alikuwa ndani, akitandika kitanda kwa makini, upande wa ukutani, alikokuwa akilala Kizito.

"Mama," mtoto aliita.

"Niko hapa, mutoto wangu," Geneviève akaitika haraka, na mzigo ukamponyoka.

"Si weye." Léa alimgeukia Agnès, akalipigapiga shuka kwa kiganja. "Mama, si uliniambia kitanda haina nafasi? Angalia. Sasa nafasi iko."