Kifuu cha Kupimia Saa

Huko Bara Hindi, wanyama walipokuwa bado wanasoma nyota, jua liliingia giza mchana kweupe. Mbuzi akamkumbatia kitindamimba wake, maana Mbweha alikwisha kupiga kelele: "Jitu Rahu limemeza jua! Halitapiki mpaka lipewe mtoto mnono. Nipeni mimi, nitalipelekea."

"Kwa njia ya tumbo lako?" akauliza Kobe, ambaye zaidi ya hesabu za mbingu hakuwa na la kujivunia. Akaelesha kifuu cha nazi chenye kitundu kwenye beseni la maji. "Ni mwezi tu umekatiza mbele ya jua. Kifuu hiki kikijaa na kuzama mara tatu, jua litakuwa limerudi."

"Lisiporudi?" akauliza Mbweha.

"Mchukue mtoto."

Mbuzi akamgeukia. "Ebo! Kobe, umemzaa wewe?"

Kifuu kikazama mara ya kwanza, kikazama ya pili, na giza halijatoka. Mbuzi akatazama juu, akatazama majini, mpaka shingo ikamuuma. Kobe akakielesha tena.

Mbweha, kwa uroho wake, akaona kungoja ni kazi. Wenzake walipotazama juu, akatumbukiza mdomo akitafune kile kitundu, kipanuke, maji yaingie mbio. Kah! Jino likakatika, likanasa palepale tunduni.

Kifuu kikaelea tu, kama kilichokatazwa kuzama. Jua likachungulia, likatoka zima.

"Kuna mchezo hapa!" akafoka Mbweha, damu ikimchuruzika.

Mbuzi akainamia kifuu. "Upo, shemeji, na jino lako ndilo shahidi."

Kisha akamgeukia Kobe aliyekuwa akitabasamu. "Na wewe, siku nyingine ukiwa na hakika, weka rehani mayai yako."