Simu ya Aina Nyingine

Saada aliilaza simu yake ya zamani kifudifudi kwenye meza ya fundi, kisha akatoa mpya, ya kampuni nyingine kabisa.

"Hii ya zamani, kila ninapokwenda mume wangu ananiona," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye hii mpya sitaki anione."

Fundi Kombo aliitikia kwa kichwa. "Nifungue akaunti mpya, au nihamishe ya zamani? Picha zako zote zimo humo."

Saada alimkumbuka marehemu mama yake, anayecheka kwenye picha moja tu.

"Hamisha."

"Paswedi?"

Hakuijua. Akaunti ile alifunguliwa na mumewe wiki ya harusi, yeye akiwa jikoni na mawifi zake.

"Usijali, nimebonyeza 'nimesahau'," alisema fundi. "Sasa hivi watatuma namba za uthibitisho kwenye laini iliyofungulia akaunti."

Kabla Saada hajauliza ni laini ya nani, simu ya zamani iliita. Akaipokea; sauti ilimfikia hata fundi.

"Mke wangu," sauti ya mumewe ilikuwa ya upole. "Kuna namba zimeingia kwangu. Umenunua simu mpya? Hongera. Haya, mwambie fundi aandike."

Akaanza kuzitaja moja moja, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Kombo alishainua kidole, akimtazama Saada. Kioo kipya kilikuwa safi, hakijaguswa na mkono wa mumewe.

"Tisa," ilisema sauti. "Ameandika?"