Nyuma ya Goli la Kitui

Mwaka ule wa 1954, timu ya Kitui iliongoza ligi tangu mvua za kwanza. Kisha ikaanza kufungwa, mechi baada ya mechi, mpaka siku ya mwisho ikawa inahitaji sare tu ili itwae ubingwa. Na sasa, mechi ikikaribia kwisha bila bao, refa alikuwa amewapa wageni penalti.

Abdulatif, fundi cherehani, alisimama nyuma ya goli lisilo na wavu. Alikuwa amechoka hata kuomba dua.

Kipa aligeuka, midomo imempasuka kwa vumbi. "Mzee, hili likiingia, mwakani utakuja?"

Jumamosi iliyopita Abdulatif alikuwa amemwapia mkewe kwamba hatakanyaga tena uwanjani.

"Nitakuja," alisema. "Wewe angalia mpira."

Kipa akaruka kulia. Mpira ukaingia golini kushoto, polepole, ukabingirika mpaka miguuni pa Abdulatif.

Aliuokota. Ulikuwa mzito, kamba za ngozi za kuufungia zimelegea. Akazikaza moja moja, bila haraka, kisha akamnyooshea kipa mpira.

"Shika, mwanangu. Refa hajapuliza filimbi ya mwisho."