Abiria wa Nyuma

Msusi alipoibuka majini, jambo la kwanza alilofanya halikuwa kuvuta pumzi. Alimgombeza mumewe.

"Umeegemea kushoto tena!"

"Nimeegemea ulikoegemea wewe," akajibu mumewe, fundi saa, huku akitema maji na kuipapasa miwani yake iliyokuwa imening'inia kwenye sikio moja.

Kayaki yao ya watu wawili ilielea katikati yao, tumbo juu. Wanachama wengine wa klabu, waliojipanga na kayaki zao kando ya gati, walijifanya wanatazama mawingu.

Binti yao ndiye aliyewaandikisha. Alisema amechoka kuwasikia wakibishana sebuleni. Waende wakabishane penye hewa. Nao wakatii: kila Jumamosi walibishana penye hewa. Mke alikaa mbele, kwa sababu hakukubali kwenda asikokuona. Mume alikaa nyuma, kwa sababu hakukubali kusemewa kisogoni.

"Nimeolewa na abiria," msusi aliwaambia wateja wake huku akiwakaza nywele. "Mimi napiga kasia, yeye anapigwa na upepo." Na wateja, vichwa vikiwa mikononi mwake, hawakuwa na la kufanya ila kukubali.

Siku hiyo kocha, mwanamama mwenye sauti ya tarumbeta, aliwakusanya wote.

"Leo jaribio! Tunavuka ziwa mpaka ng'ambo. Watakaofika bila kupinduka wataenda nasi safari ya visiwani. Watakaopinduka," akawatazama mke na mume waliokuwa bado wanachuruzika maji, "nitawatenganisha. Kila mmoja nitamtafutia mwenzake mpya."

Kutenganishwa! Tena mbele za watu! Msusi alikuwa amelitamka neno hilo mwenyewe jikoni mara nyingi, lakini hakujua kwamba mdomoni mwa mtu mwingine linauma hivyo. Alitaka kugeuka amwone mumewe uso. Akaona haya, akakamata kasia.

Wakaondoka, upepo ukiwapiga usoni. Nyuma yao, peke yake ndani ya kayaki ndogo, alifuata mkunga mstaafu. Bibi huyo alikuwa ameiacha kazi, lakini kazi haikuwa imemwacha yeye.

"Pumua!" alipaza sauti. "Haya, sukuma! Sukuma, mama!"

"Asante, Bibi!" msusi akajibu bila kugeuka, akazidi kuvuta.

Kufika katikati ya ziwa, mabega yakawa yanamwaka moto. Jana yake alikuwa amemsuka bibi harusi, na mama yake, na mashangazi wasio na idadi. Akatega sikio nyuma. Hakusikia ila mtu anayehema. Hasira ikampanda. Leo, akasema moyoni, leo huyu bwana atajua kwamba uzito wa mzigo anaujua aliyeubeba.

Hakulilaza kasia, asije akagundulika. Aliendelea kulichovya huku na huku kwa mbwembwe zote, lakini halikuvuta kitu. Lililamba maji tu, mfano wa ulimi wa paka.

Akangoja kayaki isimame.

Ikasita. Ikayumba kidogo. Kisha ikasonga mbele, tena kwa kasi kuliko mwanzo, kwa mapigo mazito yaliyolingana. Ikawapita wanachama wenzao wawili, fundi bomba na shemeji yake, ambao walikodoa macho, halafu wakainamia makasia yao mabega yakiwatikisika. Wamechoka, maskini, msusi akawaza. Ikampita hata kocha, akabaki ameachama, sauti yote ya tarumbeta imemkauka.

"Sukuma!" mkunga akahimiza. "Hivyo hivyo! Usiache sasa!"

Msusi akasahau hasira yake. Kumbe miaka yote hii amekuwa akimwita abiria mwanamume mwenye nguvu za namna hii! Mwanamume ashindaye kutwa amekunja mgongo juu ya vigurudumu vidogo kuliko punje ya mchele, na jioni akirudi nyumbani hukunjuliwa kwa maneno. Wala hakuwahi kujitetea. Au alijitetea? Ndiyo, alijitetea sana, ila nani alimsikiliza? Machozi yakamlenga. "Huyu ndiye uliyemtangaza kwa wateja, wewe mwanamke," akajiambia, huku akizidi kulamba maji.

Kayaki ikagota mchangani. Walikuwa wa kwanza kufika. Ufuo wote ulikuwa mtupu.

"Mume wangu," akasema, macho yakiwa bado mbele. "Nisamehe. Nimekutenda vibaya. Tangu katikati ya ziwa sijavuta hata tone. Nilikuwa nakukomoa. Umenivusha peke yako."

Nyuma yake mtu akavuta kamasi.

"Mume wangu?"

Fundi saa akakohoa. Alipozungumza, sauti ilikuwa imelowa.

"Mimi niliacha kabla yako. Nilitaka uonje uzito wangu. Halafu nikaona tunapaa. Nikasema, Mungu wangu, nimeoa mwanamke gani huyu! Nimelia njia nzima."

Wakatazamana. Kisha, taratibu, wakageuka wote wawili kutazama nyuma.

Pua ya kayaki ndogo ilikuwa imebana kwenye mkia wa kayaki yao. Mkunga mstaafu alikuwa amejilaza juu ya kasia, akivuta pumzi kwa mafungu.

"Nimezalisha mapacha wengi maishani mwangu," akasema alipoweza kusema, "lakini hawa wa leo wamenitoa jasho."