Siwatambui

Tangu nina miaka sita, kisemeo kilichobandikwa kwenye kola yangu kimenisemea kila kitu, kwa sauti nyororo na kwa adabu kunishinda. Kila mtu anacho. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumkwaza mwenzake.

Jumamosi walikuja washenga. Shangazi Namkunda aliniita sebuleni, akaniuliza mbele yao kama desturi inavyotaka, "Nakiete mwanangu, wageni hawa unawatambua?"

Ukisema unawatambua, posa imekubaliwa. Mimi sikumtaka kijana wao. Nilitaka kwenda Mpanda kufundisha. Lakini kisemeo huchagua jibu lisilomwaibisha mtu, na tayari kilikuwa kimeanza: "Ndiyo, shangazi, nawata..."

Nikakibandua, nikakitumbukiza kwenye birika la chai.

"Si... siwatambui," nilisema. Sauti yangu ilikwaruza kama bawaba ya mlango wa stoo. "Mtanisamehe, wazee wangu. Siolewi. Naenda Mpanda."

Kisemeo cha mshenga mkuu kikatushukuru kwa ukarimu. Yeye mwenyewe alilitazama birika, akasukuma kikombe chake mbali.

Walipoondoka nilijikuta nacheka peke yangu, kwa ile sauti mbovu, na sikutaka kuacha.

Mama alinikazia macho. "Kumbe ndiyo sauti yako hiyo?" kisemeo chake kiliuliza kwa upole.

"Ndiyo, mama. Na yako?"

Mkono wake ulipanda hadi kwenye kola, ukatulia hapo. Midomo yake ikafunguka. Nilimsogelea nisikie, kwa maana sauti yake mwenyewe sikuwahi kuisikia.